Kamelia: mwongozo kamili wa kuotesha ndugu wa mchai anayechanua katikati ya baridi

Aliyekulia Mufindi, Tukuyu, Kericho au Limuru hahitaji kuelezwa jani la kamelia. Ni lilelile la shambani: gumu kidogo, linang'aa upande wa juu, na pembeni lina meno madogo. Mchai tunaouchuma ni Camellia sinensis, na kamelia za bustani ni ndugu zake wa tumbo moja. Hata ua ni la ukoo huo. Nenda pembeni mwa shamba la chai, kwenye kichaka kilichosahaulika na wachumaji, ufunue majani: utakuta viua vyeupe vinavyoinama, katikati vimejaa vijiti vya njano. Chukua ua hilo, lipanue lifike ukubwa wa kiganja, lipake waridi au wekundu, hiyo ndiyo kamelia.

Mimi nimekulia pembeni mwa chai huko Mufindi na sasa ninaishi Reading, kusini mwa Uingereza. Hapa katikati ya Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Miti yote imebaki mifupa. Mlangoni kwangu kuna mkamelia wa aina ya sasankwa, urefu wa kifua changu, na wakati huo ndio unachanua. Majirani husimama kuutazama. Kabla ya huo niliua mwingine, na nilichojifunza kwa ule uliokufa ndicho kimejaza mwongozo huu.

Jambo kubwa niliweke mbele kabisa: ua la Desemba hutengenezwa kati ya mwisho wa Julai na Septemba. Anayekumbuka mkamelia wake wakati wa baridi amechelewa miezi minne. Karibu kila lalamiko la "maua yangu yamepukutika kabla ya kufunguka" chanzo chake ni kiangazi, wala si baridi.

Chagua aina kwa mwezi unaotaka maua

Neno "kamelia" kwenye kibao cha duka halitoshi, kwa sababu ziko za Oktoba na ziko za Aprili. Soma jina la pili.

Camellia sasanqua, ninayoiita sasankwa, asili yake ni kusini mwa Japani, ambako wanaiita sazanka. Inachanua kuanzia Oktoba hadi Januari hivi, maua yake ni mepesi, mengi, na nyingi zina harufu nzuri. Ua likichoka halidondoki zima. Linaachia petali moja moja, na chini ya mti panakuwa kama pametandikwa kitambaa. Kwa mtu anayetaka maua ya majira ya baridi, hii ndiyo ya kwanza kutafuta. 'Narumigata' ni nyeupe yenye pembe za waridi, 'Hugh Evans' ni ya waridi, 'Crimson King' ni nyekundu. 'Yuletide', iliyotoka kwenye kitalu cha Nuccio's huko California, ni nyekundu yenye moyo wa njano na huchanua karibu na Krismasi. Ndiyo niliyo nayo.

Camellia japonica, yaani japonika, ndiyo yenye maua makubwa mazito tunayoyaona kwenye kadi. Nyingi huchanua Februari hadi Aprili, ingawa 'Nobilissima', nyeupe, huweza kuanza Desemba au Januari. Inavumilia baridi kuliko sasankwa, lakini maua yaliyokauka hung'ang'ania mtini yakiwa ya kahawia, na inabidi uyatoe kwa mkono.

Kisha kuna kundi linaloandikwa Camellia × williamsii. Lilianzia kwa J. C. Williams wa Caerhays, Cornwall, aliyechanganya japonika na kamelia ya porini ya Yunnan, China. Uzuri wake ni kwamba hudondosha maua yaliyochoka yenyewe. 'November Pink' huanza mapema kama jina lake linavyosema. 'St Ewe' na 'J. C. Williams' hufuata mwaka unapoanza. 'Donation', maarufu kuliko zote, huja Februari na Machi.

Ukiweza kupanda tatu, sasankwa moja, williamsi moja na japonika moja, utakuwa na ua bustanini kuanzia Oktoba hadi Aprili. Ukiwa na nafasi ya moja tu, chukua sasankwa. Na kama una moyo wa kuwasaidia nyuki, epuka maua yaliyosongamana petali hadi katikati hapaonekani. Ua la petali za mstari mmoja, lenye vijiti vya njano wazi, huwapa chavua wale nyuki wanene wenye manyoya ambao hapa kusini mwa Uingereza hutoka hata Januari siku ikiwa na jua.

Nunua mche ukiwa umechanua ili uone rangi kwa macho yako. Geuza majani utazame mgongo wake: pamba nyeupe au masizi meusi ni dalili ya wadudu. Mche mdogo wa miaka miwili mitatu hushika ardhi upesi kuliko mkubwa wa bei ghali uliokaa chunguni hadi mizizi ikazunguka kama kamba.

Udongo: pima kabla ya kununua

Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Nilinunua mche wenye matumba Februari, nikachimba shimo, nikapanda, nikafurahi. Mwaka wa pili majani yakawa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Mwaka wa tatu nikang'oa kuni.

Mkamelia, kama mchai, unataka udongo wenye tindikali. Kipimo chake cha pH, namba inayoshuka kadiri tindikali inavyozidi, kiwe kati ya 5 na 6.5. Kwenye udongo wenye chokaa madini ya chuma yamo, ila yamefungwa. Mizizi haiwezi kuyachukua, na jani lisilopata chuma haliwezi kutengeneza ukijani wake. Utapiga mbolea hadi uchoke na hali itabaki ileile.

Vifaa vya kupima pH vinauzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya bustani. Chota udongo sehemu tatu nne tofauti, kina cha kiganja, siyo wa juu tu. Kama huna kifaa, tia udongo mkavu kwenye glasi na umwagie siki: ukitoa povu, chokaa imejaa na usipande kamelia ardhini hapo. Usipotoa povu, bado hujathibitisha kwamba una tindikali, kwa hiyo pima. Tembea pia mtaani uangalie. Bustani za jirani zikiwa na azalea na rododendroni, vichaka vya maua vinavyopenda tindikali, zilizonona ardhini, una bahati. Haidrenjia zikitoa maua ya buluu, udongo una tindikali. Zikitoa ya waridi, huenda una chokaa.

Matokeo yakiwa 6.5 au chini, panda ardhini. Yakiwa karibu na 7, unaweza kujenga tuta la kuinua lenye udongo maalumu wa mimea ya tindikali. Yakizidi hapo, panda kwenye chungu na usihangaike. Wako watakaokushauri kumwaga salfa kwenye udongo wa chokaa ili uchachuke. Kwenye ardhi yenye mawe ya chokaa chini yake hiyo ni vita isiyoisha: unachachua leo, mvua na mawe vinarudisha kesho.

Niseme pia kuhusu mazoea ya nyumbani. Sisi tumezoea kumwaga majivu ya jikoni kwenye mboga, na maganda ya mayai yaliyosagwa. Kwa mkamelia vyote viwili ni sumu ya polepole, maana vinapunguza tindikali. Mboji iliyotokana na kilimo cha uyoga nayo mara nyingi ina chokaa, iache. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika unaweza kuyatandaza kidogo kidogo chini ya mti kama takataka nyingine za majani, mradi hayana maziwa na sukari, lakini usidhani yatabadilisha udongo.

Mahali

Mkamelia hauogopi baridi yenyewe kama unavyoogopa vitu viwili: upepo mkavu, na jua la asubuhi juu ya barafu. Tumba lililoganda usiku likipigwa na jua la saa mbili asubuhi huyeyuka ghafla, chembe zake hupasuka, na ua hufunguka likiwa na rangi ya kahawia. Likiyeyuka taratibu huponea. Kwa hiyo epuka ukuta unaotazama mashariki.

Sasankwa inahitaji jua kuliko ndugu zake ili ichanue vizuri. Mpe ukuta unaotazama kusini au magharibi. Japonika na williamsi zinafurahia kivuli chepesi, kama cha miti mirefu iliyo mbali kidogo, au ukuta wa magharibi au hata wa kaskazini. Usipande yoyote mahali maji yanaposimama baada ya mvua.

Kwa walio mbali zaidi: sasankwa iliyokwisha shika ardhi huvumilia hadi kama nyuzi 10 chini ya sifuri, japonika hadi kama 15. Uingereza, Ubelgiji, Uholanzi na magharibi mwa Ufaransa zinafaa ukichagua pembe iliyokingwa. Marekani, pwani ya Seattle na Portland, na majimbo kama Georgia na Carolina ni nchi ya kamelia kweli. Alabama imeifanya ua rasmi la jimbo. Aliyeko Minnesota asipande ardhini. Aweke kwenye chungu na majira ya baridi akihifadhi mahali penye mwanga pasipopashwa moto, kama kibaraza kilichofungwa kwa vioo, joto likizunguka kati ya nyuzi 2 na 10.

Siku ya kupanda

Oktoba ni mwezi mzuri kwa sababu udongo bado una joto la kiangazi na mvua zimerudi. Mwishoni mwa Machi na Aprili pia panafaa, na mahali penye baridi kali sasankwa ipandwe wakati huo ili ipate miezi ya kushika ardhi.

1. Zamisha chungu chenye mche kwenye ndoo ya maji ya mvua hadi mapovu yaishe. Bonge la mizizi likipandwa kavu, mvua ya juu haiwezi kulipenya.

2. Chimba shimo pana mara mbili au tatu ya bonge, lakini kina kisizidi kimo cha bonge lenyewe. Legeza kuta za shimo kwa uma wa bustani.

3. Toa mche, na mizizi inayozunguka ichambue kwa vidole itazame nje.

4. Weka mche, kisha laza mpini wa jembe juu ya shimo upime. Uso wa bonge uwe sawa na ardhi au uchungulie juu kwa sentimita moja. Hatua hii inapuuzwa kuliko zote. Mizizi ya kamelia inaishi karibu na uso wa ardhi na inahitaji hewa; mche uliozikwa kwa sentimita 5 tu hudumaa miaka mingi bila wewe kujua sababu.

5. Changanya udongo uliouchimba na mboji ya majani yaliyooza au udongo wa mimea ya tindikali, theluthi moja hivi, urudishie. Samadi mbichi isiingie shimoni.

6. Bonyeza kwa mikono, mwagia lita 10 taratibu.

7. Tandaza matandazo unene wa sentimita 5 hadi 8: magome ya msonobari, sindano za msonobari au majani yaliyooza. Acha upana wa kiganja wazi kuzunguka shina, kwa sababu matandazo yanayogusa shina huliozesha.

Baada ya hapo usichimbe tena chini ya mti huo, hata kung'oa magugu kwa jembe. Yang'oe kwa mkono. Kwenye mashamba ya chai matawi yaliyopogolewa huachwa katikati ya mistari yaoze palepale, na mizizi ya juu hula humo. Fanya hivyohivyo: kila Machi ongeza matandazo.

Maji

Laiti ningeambiwa jambo moja tu siku niliyonunua ule mche wa kwanza, ningeomba niambiwe hili.

Mkamelia ukimaliza kuchanua hutoa majani mapya, kisha majani yakikomaa hugeukia kutengeneza matumba ya mwaka ujao. Kazi hiyo inaanza mwisho wa Julai na kuendelea hadi Septemba, wakati ambao Ulaya kuna joto, wenye nyumba wako likizo, na udongo umekauka. Mti ukishikwa na kiu hapo haukuambii. Majani yake magumu hayanyauki kama ya mchicha. Matumba yanatokea, unayaona Oktoba, unafurahi. Kisha Novemba yanaanza kudondoka moja moja yakiwa mazima, na mwenye mti anailaumu barafu.

Kwa hiyo weka ratiba. Mche ulioko ardhini, miaka miwili mitatu ya kwanza, upate ndoo ya lita 10 hadi 15 mara moja kwa wiki isiyo na mvua, na mara mbili kukiwa na joto kali. Mimina taratibu chini, siyo juu ya majani. Mti mkubwa uliokwisha shika ardhi hujitegemea miaka mingi, ila Agosti ikiwa kavu nao uupe ndoo. Mche wa chunguni ni kazi nyingine: Agosti huenda ukahitaji maji kila siku. Chomeka kidole hadi fundo la pili. Pakiwa pakavu, mwagilia. Ukisafiri mwezi huo kwenda nyumbani, muombe jirani, tena umwachie maelezo kwa maandishi. Mimi humwandikia jirani yangu kiasi na siku, na nikirudi namletea kahawa ya Mbinga.

Maji gani? Tazama birika lako la umeme. Likiwa na utando mweupe chini, maji ya bomba la mtaa wako ni mazito kwa chokaa. Hapa Reading, kama London na sehemu kubwa ya kusini-mashariki, maji hupita kwenye miamba ya chokaa kabla ya kutufikia, na kila ukimwagilia unaongeza kijiko cha kile unachokimbia. Ule mti wangu wa kwanza, juu ya udongo nisioupima, ulimalizwa na maji ya bomba niliyoupa kwa upendo kila jioni.

Funga pipa la maji ya mvua. Hesabu yake inatia moyo: paa la mita za mraba 20 likinyeshewa milimita 10 hutoa lita 200, yaani pipa zima kwa mvua moja. Unahitaji kiungo cha kuunganisha bomba la gata na pipa, tofali za kuliinua ili ndoo ikae chini ya koki, na kifuniko kwa ajili ya mbu na usalama wa watoto. Nafasi ikiwepo funga mapipa mawili, kwa sababu pipa moja huisha Agosti wakati ule ule unapolihitaji.

Likiisha kabisa, tumia maji ya bomba bila kusita. Wiki mbili za chokaa mti unazistahimili. Wiki mbili za kiu mwezi Agosti zinakuondolea maua ya mwaka mzima. Kwa chungu kimoja unaweza kuchemsha maji, kuyaacha yapoe na kumimina yaliyo juu, maana chokaa nyingi hubaki birikani. Maji yaliyolainishwa kwa mtambo wa chumvi wa nyumbani usiyatumie.

Ukifika mwisho wa Septemba kagua matawi. Tumba la ua ni nene na la mviringo kama punje ya njegere; chipukizi la jani ni jembamba na lina ncha. Matumba yakiwepo, kazi kubwa umeimaliza.

Mbolea kidogo, tena mapema

Tumia mbolea ya mimea ya udongo tindikali, mara moja Aprili na mara ya pili Juni. Baada ya Julai acha kabisa. Mbolea ya Agosti huchochea majani mapya laini yanayoungua na barafu, na huweza kusababisha matumba kudondoka. Mti wa ardhini kwenye udongo mzuri pengine usihitaji zaidi ya matandazo.

Majani yakiwa ya njano yenye mishipa ya kijani, mwagia dawa ya madini ya chuma iliyotengenezwa kwa mimea ya aina hii, kwa maji ya mvua, wakati wa machipuo. Itasaidia kwa msimu. Chanzo bado ni chokaa. Ila usiite kila unjano ugonjwa. Majani ya ndani, ya miaka mitatu, hugeuka njano na kudondoka wakati wa machipuo, na hiyo ni desturi yake. Madoa ya rangi ya maziwa yaliyotawanyika bila mpangilio ni virusi; hayana dawa na wala hayaui mti.

Kwenye chungu

Mkamelia unaishi chunguni miaka mingi. Anza na chungu kipana kidogo kuliko bonge, kisha panda ngazi hadi sentimita 45 au 50. Tumia udongo wa mimea ya tindikali usio na mboji ya vinamasi, uchanganye na magome ya msonobari yaliyosagwa ili maji yapite. Inua chungu kwa vigae. Badilisha udongo kila baada ya miaka miwili au mitatu, mara tu baada ya kuchanua.

Hatari ya baridi kwenye chungu iko chini, siyo juu. Udongo ukiganda wote, mizizi haiwezi kunyonya, ilhali majani bado yanapoteza maji kwa upepo. Utabiri ukisema chini ya nyuzi 5 hasi kwa siku kadhaa, sogeza chungu ukutani na ukifunge kwa magunia au plastiki ya mapovu. Mwagilia hata Januari udongo ukiwa mkavu.

Usiuingize sebuleni ukiwa na matumba. Joto la redieta huyakausha na kuyaangusha kwa wiki moja. Kosa hili ni la kale: kamelia za kwanza kufika Uingereza karne ya 18 zilitunzwa kwenye nyumba za vioo zenye joto, watu wakidhani mmea wa mashariki ni lazima uwe wa joto. Kwenye nyumba ya vioo ya Chiswick House, magharibi mwa London, kuna mkusanyiko ulioanza mwaka 1828 ambao hadi leo huchanua kila mwisho wa baridi. Ukiwa karibu nenda ukauone.

Kupogoa

Pogoa mara tu maua yakiisha, Februari hadi Aprili kutegemea aina. Ukisubiri Julai utakata matumba. Ondoa matawi yaliyokufa, yanayosuguana, na yanayoharibu umbo. Kata juu kidogo ya chipukizi linalotazama nje.

Watu wa hapa huogopa kuukata. Aliyeona chai haogopi. Ule mchai unaofika kiunoni ungeachwa ungekuwa mti. Ni mkono wa mchumaji na panga la kupogoa vinavyouweka chini miaka hamsini. Kamelia ina mwili uleule. Mti mkubwa uliozeeka unaweza kuukata hadi sentimita 60 kutoka ardhini mwezi Machi, ukachipua upya, ingawa utakaa mwaka mmoja au miwili bila maua.

Wadudu na magonjwa

Masizi meusi juu ya majani si ugonjwa wa jani. Geuza jani lililo juu yake: utakuta wadudu magamba, na mwisho wa machipuo mayai yao kama vipande vya pamba. Hutoa utomvu mtamu, na ukungu mweusi huota juu ya utamu huo. Futa kwa kitambaa na maji ya sabuni laini, jani kwa jani. Kwa mti mdogo ni kazi ya jioni moja.

Meno ya mviringo yaliyong'atwa pembeni mwa majani ni kazi ya fukusi mweusi anayetembea usiku. Yeye si tatizo. Watoto wake, funza weupe wenye vichwa vya kahawia, hula mizizi ya chunguni hadi mti uanguke. Toka usiku na tochi uwaokote, na kuanzia mwisho wa Agosti mwagia minyoo midogo ya kuua fukusi inayouzwa kwa kazi hiyo.

Maua yakipata madoa ya kahawia yanayosambaa hadi katikati, na chini ya ua lililodondoka kuna pete ya ukungu wa kijivu, huo ni ukungu wa petali, Ciborinia camelliae, uliogunduliwa Uingereza mwaka 1999. Okota maua yote yaliyodondoka, yafunge mfukoni na kuyatupa. Yasiingie kwenye mboji. Barafu nayo huchoma maua lakini haiachi pete hiyo.

Kuzalisha miche yako

Kwenye vitalu vya chai kipandikizi ni jani moja na chipukizi lake, pamoja na kipande kifupi cha kijiti. Njia hiyohiyo inafanya kazi kwa kamelia. Agosti tafuta tawi la mwaka huu ambalo limeanza kuwa la kahawia kwa chini. Kata kipande chenye jani moja zima, au kipande cha sentimita 8 chenye majani mawili juu. Chomeka kwenye mchanganyiko wa udongo wa tindikali na mchanga mkali nusu kwa nusu, funika kwa mfuko wa plastiki usiogusa majani, weka kivulini. Mizizi hutokea baada ya miezi miwili mitatu, mingine hungoja hadi machipuo. Usivute kujaribu.

Njia ya mvivu na ya uhakika ni kulaza tawi. Machi, chukua tawi la chini linalonyumbuka, likwaruze gome upande wa chini, lifukie sentimita 5 kwenye udongo uliochanganywa mboji ya majani, libane kwa jiwe, ncha yake iachwe nje. Lipe maji ya mvua kama mama yake. Baada ya miezi 18 hadi 24 livute kidogo. Likishikilia, likate utenganishe, uliweke chunguni, na usitarajie ua kabla ya mwaka wa tatu. Langu la kwanza nilimpa yule jirani anayenimwagilia Agosti. Sharti nililompa ni moja: alifunge pipa kwanza.